Sauti ya Alhamisi ya Kwanza



Juma lililopita, baada ya sala ya Isha, nilipanda ngazi za nyumba yetu polepole, kama ilivyo ada ya mtu aliyeanza kuumwa na magoti. Binti yangu alikuwa chumbani akipiga pasi mabuibui, na simu yake ikiimba. Kabla sijafika mlangoni nilikwisha kuitambua ile sauti. Ilikuwa ya Umm Kulthum. Nikasimama. Naye aliposikia nyayo zangu, akaizima.

Kuzima kule kumenikaa moyoni, na ndiko kulikonifanya niiweke kando ile mada ya mahari niliyowaahidi. Itakuja, Inshallah.

Mama zetu wa makamo hawahitaji kuelezwa Umm Kulthum ni nani, lakini vijana huenda wakahitaji. Alizaliwa karibu na mwanzo wa karne iliyopita katika kijiji cha Tamay az-Zahayra, huko Misri ya kaskazini, mto Nile unapogawanyika. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, akitafuta ziada ya riziki kwa kusoma kasida katika harusi na maulidi. Binti akatiwa chuoni, akasomeshwa Qur'ani. Baba alipokiona kipaji chake alianza kufuatana naye, ila kwa kuchelea maneno ya watu alimvisha nguo za kiume. Matamshi yake yametoka hapo chuoni. Mwenye shaka na asikilize anavyoitamka dhadi, kisha ajipime.

Tangu miaka ya 1930 redio ya Misri ilirusha maonyesho yake Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Wimbo mmoja waweza kuchukua saa nzima, kwani aliurudia ubeti ule ule mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, mpaka hadhira iridhike. Mafundi wetu wa taarabu, Unguja na Mombasa, walijifunza mengi kwa kusikiliza santuri za Misri. Fauka ya hayo, tangu 1954 Cairo ilitangaza kwa Kiswahili pia, basi redio nyingi za pwani zilikwisha kuizoea njia ya kuelekea kule.

Redio ya marehemu mamangu ilikuwa mojawapo. Alinihadithia kwamba usiku wa Alhamisi hiyo jirani zake walikuja na watoto waliolala mabegani, wakaketi ukumbini juu ya mikeka, na wanaume wakabaki barazani, dirisha likiachwa wazi kwa ajili yao. Sauti ilikuja na kupotea kama mashua katika mawimbi. Hakuna hata mmoja mle ukumbini aliyekijua Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Umm Kulthum alipofariki, tarehe 3 Februari 1975, watu wa Cairo waliitwaa jeneza mabegani mwao, wakalizungusha mitaani hadi msikiti wa Sayyidna Husein. Nami nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki kitu, ila nimeambiwa kuwa siku hiyo nyumbani kwetu hapakupikwa.

Baadaye zikaja kanda. Mama alikuwa nazo kama kumi hivi, zawadi za jamaa waliokuwa wakirudi kutoka Uarabuni, akizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda.

Nilipotimiza miaka 20 nilirudi likizo kutoka madrasa ya mji mwingine, kilemba kipya kichwani na elimu mpya ulimini. Siku ya tatu nikautoa ule mkebe. Nikamsomea mama hotuba nzima, akiwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, kisha nikazivuta tepu zote na kuzitupa jaani. Hakunyanyua sauti. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Akaendelea na nazi yake. Hakulitaja tena jambo lile mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua.

Sitaufungua hapa mlango wa hukumu ya ala za muziki. Wanazuoni wamekhitalifiana, na wanaohudhuria darasa zangu wanaujua msimamo wangu, ambao haujabadilika sana. Wala sidai kwamba kila alichoimba bibi yule kilikuwa cha heri, maana zipo nyimbo zake ambazo nisingependa zisikike nyumbani kwangu. Lakini Suratul Israa nilikuwa nimeihifadhi yote wakati ule, na aya ya wazazi imo ndani yake.

Katika zile kanda ilikuwamo moja ambayo mama aliiita "ya Mtume", na kila akiisikiliza alijifuta macho kwa ncha ya leso. Nilidhani ni ujinga wa wanawake. Miaka mingi baadaye, nikiisoma diwani ya Ahmad Shawqi, nilifika kwenye kasida yake ya kuzaliwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, iitwayo Wulid al-Huda, nikajua kuwa Umm Kulthum aliiimba kwa lahani ya Riyad as-Sunbati. Nikakifunga kitabu. Mimi niliyekijua Kiarabu sikuwahi kuitega sikio kanda ile hata mara moja. Yeye asiyekijua alikuwa ameelewa.

Basi usiku ule nikabisha hodi kwa binti yangu. Akasema haraka, "Samahani, Abba, nilikuwa nimeshaizima." Nikamwambia aniwekee Wulid al-Huda. Aliniangalia kwanza, kisha akaitafuta. Nikaketi ukingoni mwa kitanda nikimfasiria ubeti baada ya ubeti, naye pasi imesimama mkononi mpaka nikamkumbusha asije akaliunguza buibui.

Ilipokwisha aliniuliza kama bibi yake alizipenda nyimbo hizi. Nikamwambia alizipenda sana, na alikuwa na kanda zake ndani ya mkebe.

"Ziko wapi sasa, Abba?"

Nikasema usiku umekuwa mwingi, nikaenda kulala. Jarida hili hulisoma kila Ijumaa, akianzia ukurasa wa mapishi kabla ya wangu.