Utingo si shule ya udereva

Muulize dereva yeyote wa lori la masafa marefu amesomea wapi, atakujibu: barabarani. Alianza utingo, akakaa kushoto kwa suka, yaani dereva, miaka kadhaa, mwisho akaachiwa usukani. Matajiri wa malori husimulia hivyo kwa fahari, na wengi wetu tumekubali kwamba chuo hutoa cheti na utingo ndio unaotoa dereva. Imani hii si ya kweli, na inaua watu.

Tuitazame siku moja ya huyo anayeitwa mwanafunzi, katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Gari limelala njiani, naye amelala chini ya tela akilinda dizeli isinyonywe. Saa kumi alfajiri yuko macho. Anagonga tairi moja moja kusikiliza kama kuna iliyopungua upepo, anakaza kamba za turubai, anafuta taa. Kwenye mizani anashuka na makaratasi mkononi. Ruaha Mbuyuni anatumwa chakula.

Kisha mlima Kitonga. Gari likianza kupanda kwa shida, utingo anaruka chini na kutembea kando ya magurudumu ya nyuma, gogo begani. Injini ikizimika au gia ikigoma kuingia, kazi yake ni kulisukumiza gogo nyuma ya tairi kabla mzigo haujaanza kurudi. Lori la ekseli saba linaruhusiwa kufikia tani 56. Kijana amevaa kandambili, moshi unampiga usoni, na nyuma yake kuna foleni ya mabasi yaliyojaa watu. Anajifunza nini pale? Ujasiri, labda. Udereva, hapana.

Udereva wa mlima ule uko kabini, na mgumu zaidi ni wa kurudi, gari linaposhuka na shaba ya Zambia au Kongo. Anayejua huchagua gia nzito akiwa bado juu, akaiacha injini imzuie, breki akaigusa kidogo na kuiachia. Asiyejua hukanyaga breki tangu kona ya kwanza. Ngoma zinapata moto, unasikia harufu, na kufika katikati hana breki tena. Wengine hushuka kwa nyutro ili wabakize mafuta ya kuuza. Utingo anayemtazama suka wa namna hiyo kwa miaka mitano hatoki na ufundi. Anatoka na kosa lilelile, ila yeye sasa analitenda kwa kujiamini.

Hebu tuulize ni lini kijana huyu anapewa usukani. Si mchana, askari wasije wakamwona. Anapewa usiku, baada ya Mafinga, suka akishaanza kusinzia. “Kamata hapo, dogo, nijinyooshe.” Hilo ndilo somo lake la kwanza: giza, ukungu, tela zito, mwalimu amelala, na mwanafunzi mwenyewe yuko macho tangu alfajiri. Leseni ya daraja E, ile ya magari makubwa, hana. Mbele yake anakuja baba na familia yake, na hawana namna ya kujua nani ameshika usukani wa lile lori.

Mabasi ya safari ndefu tulishakubaliana yawe na madereva wawili, kwa sababu mtu mmoja huchoka. Kwenye malori mengi dereva wa pili yupo pia, ila hana leseni, hana mkataba, na anaishi kwa posho anayokatiwa na suka. Utingo umekuwa njia ya kupata dereva wa pili bila kumlipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi isizidi saa 9 kwa siku, na hata pamoja na saa za ziada isivuke 12. Utingo hazijui saa hizo, kwa sababu tumemwambia hayupo kazini, anajifunza.

Najua nitakachojibiwa. Kijana wa maskini atatoa wapi ada ya VETA au ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji? Na mbona madereva hodari wa nchi hii wametoka kwenye utingo? Wametoka, ndiyo, nami nawaheshimu. Lakini waliobahatika kupata suka mwema, aliyewaeleza kila gia na sababu yake, ndio tunaowahesabu. Waliokwisha kwa ajali kwenye miteremko ya Mlima Nyoka au Mbalizi hawapo waulizwe walifundishwa nini. Kuhusu ada, mwenye kuilipa ni tajiri. Anayemkabidhi mtu kichwa na tela vya mamilioni ya shilingi hawezi kusema ameshindwa kumsomesha huyo mtu.

Barabara ile ina mizani Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba. Malori ya mzigo hupimwa hapo. Ekseli ikizidi uzito, faini inaandikwa palepale, maana lami inaharibika. Dereva aliyeendesha tangu alfajiri hadi usiku wa manane anapewa risiti na kupita.

Serikali ianzie hapo. Lori linaposimama kwenye mizani, ikaguliwe leseni ya kila aliyemo kabini, na iandikwe saa ambayo dereva alianza safari. Aliyezidisha saa apaki alale, kama anavyopaki aliyezidisha mzigo. Nanyi matajiri, waandikieni vijana mikataba, wapelekeni chuoni, kisha wawekeni na suka mnayemlipa afundishe mchana, gari likiwa tupu. Dereva mwenye leseni wa kupokezana usiku mwajirini, msimtafute kwa kijana aliyelala chini ya tela.