Tanki Tupu na Mwenye Tanki

Huko Gerezani, Kariakoo, tanki la mafuta la gari bovu hutuliwa mbele ya fundi, bei ikapatanwa, na kabla ya adhuhuri cheche zinaruka. Likilipuka, hukumu tunayo tayari mdomoni: uzembe wa fundi. Naipinga hukumu hiyo. Inamtia hatiani majeruhi na kumwacha huru aliyelileta tanki.

Wapo hata wasomi wenzangu wanaodhani tanki tupu ni salama kuliko lililojaa. Ni kinyume. Kinachowaka si petroli ya maji bali mvuke wake ukichanganyika na hewa, na hutosha mvuke huo ufikie asilimia 1.4 tu ya mchanganyiko. Tanki lililojaa halina nafasi ya hewa. Hilo "tupu" ndilo bomu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo kuacha mfuniko wazi usiku kucha hakuuondoi. Maji na sabuni huiridhisha pua, lakini mabaki hujificha chini ya kutu na katika maungio, na moto wa gesi, unaozidi nyuzi 3,000, huyageuza kuwa mvuke upya. Dizeli nayo, inayosifiwa kwa upole, ni pole ikiwa baridi tu.

Kinga inajulikana duniani kote: kumwaga mabaki, kulisafisha tanki kwa mvuke wa maji ya moto, kupima gesi kwa kipimo, kisha kulijaza maji hadi karibu na mahali pa kukata, au kufukuza oksijeni kwa nitrojeni. Pipa chakavu la lita 200 ni afadhali lisiguswe na moto kabisa.

Nani alipie hayo? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambebesha mwajiri wajibu. Gerezani mwajiri ni nani? Fundi hulipwa kwa kipande cha kazi, na mwenye tanki hujiita mteja, basi. Tunaambiwa sekta isiyo rasmi haifikiki. Haifikiki na nani? Desemba 2018 dola iliweza kuanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, nchi nzima. Miguu ya kufuata fedha ilipatikana.

Nadai mawili. Kwanza, mwenye tanki alikabidhi likiwa limesafishwa na kupimwa, pamoja na karatasi yenye jina na sahihi yake, ili likilipuka tujue pa kubisha hodi. Pili, Halmashauri ya Jiji iweke Gerezani vipimo vya gesi ambavyo fundi ataazima bila malipo. Watakaosema ni ghali watuonyeshe hesabu zao, na ndani ya hesabu hizo waandike pia gharama ya kitanda cha majeraha ya moto pale Muhimbili, ambayo leo hulipwa na mke wa fundi.