Tukishuka Kaoze, bendera zibaki Sumbawanga

Makamanda, wengi wenu mlioko Dar mkisikia Ufipa mnafikiria ule mtaa wa Kinondoni yalipokuwa makao makuu yetu. Ufipa yenyewe iko huku juu kwenye baridi, Sumbawanga. Ukiteremka kwenda bonde la Ziwa Rukwa unakutana na kata kama Kaoze, na huko ndiko naomba twende. Siombi michango. Naomba wiki zenu za likizo.

Kazi yenyewe haina makuu. Dada wa chuo anakaa na wasichana wa darasa la sita na la saba, anawaeleza hedhi ni nini, siku zinahesabiwaje, kwa nini kitambaa kianikwe juani na si kufichwa chini ya godoro, na maumivu gani ni ya kwenda zahanati. Wavulana nao waelezwe, maana wanaocheka sketi yenye doa ni wao.

Mimi nasoma sheria, mnivumilie kidogo. Kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa 2016, kinampa miaka 30 jela anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, mwaka huohuo 2016, Mahakama Kuu ilisema hilo linavunja Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa. Mwaka mwingine ukapita, vifungu vikabaki vilevile.

Sasa unganisha. Choo cha shule hakina maji wala mlango, binti anakosa siku mbili tatu kila mwezi, anabaki nyuma, mwisho anaacha. Siku anayoacha, 60A haimhusu tena. Akiwa na miaka 15 anaozwa, na muoaji hana kosa. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie pedi ni mambo ya akina mama, tuwaachie BAWACHA.

Halafu wapo wazazi ambao mpaka leo hawajui kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Hilo nalo tukalisema.

Sare za chama, hapana. Mwalimu mkuu akituruhusu na magwanda yetu, tutamtafutia matatizo bure, na shule si uwanja wa kampeni. Tupitie kwa afisa elimu kata, tuongozane na nesi. Picha za watoto wameshika pedi pia hapana, hata kama ukurasa wako una njaa.

Siasa ina mahali pake. Mwaka 2018, baada ya kelele nyingi bungeni, akiwemo Upendo Peneza aliyekuwa mbunge wetu wa viti maalum wakati huo, VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike ilifutwa. 2019 ikarudishwa, eti bei haikushuka. Mfanyabiashara kala faida, aliyeadhibiwa msichana! Hayo tuyapeleke kwa wabunge, na maji ya vyoo tuyadai kwenye halmashauri, kwa bendera zote mnazotaka.

Kati ya Julai na Oktoba vyuo vingi vinakuwa vimefunga na shule ziko wazi. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa katibu wa vijana wa wilaya. Ila mjue tutarudi shule zilezile mwakani, kwa hiyo anayetaka kwenda mara moja tu aseme mapema.