Zaka, Kangomba na Fundisho la Wamethodisti

Hapa Rondo jina la Wamethodisti halisikiki mara nyingi. Tumezoea kuishi na Waislamu, na pia na Waanglikana, ambao wana seminari yao papa hapa. Lakini John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa kasisi wa Kanisa hilo hilo la Kianglikana, na alifariki mwaka 1791 akiwa bado kasisi wake. Nasi Wakatoliki hatuna tena kisingizio cha kuyaona mafundisho yake kuwa mambo ya wageni. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na tarehe 23 Julai 2006, huko Seoul, Wamethodisti wa dunia walijiunga nalo.

Seminarini tulimsoma Wesley kwa nusu ukurasa tu, katika sura ya mafarakano. Kiini cha fundisho lake hatukukigusa: kwamba neema ya Mungu humtangulia kila mtu, wala haiishii katika ondoleo la dhambi, bali yataka kumtakatifuza mtu mzima, pamoja na mfuko wake wa fedha. Katika kanuni alizowapa wafuasi wake mwaka 1743, kuacha kutenda uovu kunatajwa kabla ya kutenda mema, na miongoni mwa maovu yaliyotajwa waziwazi imo riba isiyo halali.

Lakini linalonigusa zaidi ni jambo dogo lililotokea Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Wamethodisti wa mji huo walikuwa na deni la jengo lao la sala. Mmoja wao alishauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Walipomjibu kwamba wengi ni maskini, alisema apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea, na asiyeweza kutoa, yeye atamlipia. Basi wakusanyaji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wakarudi na peni, lakini wakarudi pia na habari: huyu amekutwa amelewa, yule anagombana na mkewe. Wesley akatambua kwamba alichokuwa akikitafuta siku nyingi amekipata. Ukusanyaji wa fedha ukageuka kuwa ulinzi wa roho, na vikundi hivyo, vilivyoitwa madarasa, vikawa uti wa mgongo wa Umethodisti.

Sisi tunazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizithibitisha kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Nao wakusanyaji wetu wa zaka hupita nyumba kwa nyumba. Huleta bahasha. Habari hawaleti, nami, nakiri, sikuwahi kuwauliza.

Je, habari gani? Kila mkulima wa huku anaijua. Miezi ya njaa, korosho zikiwa bado maua mtini au hata kabla ya maua, mtu asiye na unga hupokea fedha kidogo kwa ahadi ya kulipa korosho wakati wa mavuno. Ndiyo kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwa zao hili mwaka 2007 ulikusudiwa kumpa mkulima bei ya mnada. Lakini aliyekwisha kula bei yake mwezi Februari hana cha kupeleka ghalani mwezi Oktoba. Anayefaidi si mara zote mgeni wa mjini. Mara nyingine ni jirani, tena yuko mstari wa mbele katika rozari ya jumuiya, na zaka anayotoa hutoka humo humo. Kwa ajili hiyo sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba jambo hili ni la serikali peke yake.

Pwani yetu inaijua biashara ya kutanguliza fedha kwa ajili ya uhai wa mwingine. Mwaka 1774 Wesley alichapisha kijitabu cha kulaani utumwa. Mwaka 1776, hapo Kilwa, Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani apewe watumwa elfu moja kila mwaka. Silinganishi korosho na binadamu. Nasema tu kwamba Wesley hakuiona biashara kuwa mahali ambapo Injili hairuhusiwi kuingia, na siku chache kabla ya kufa alimwandikia William Wilberforce barua ya kumtia moyo asiache kuupinga utumwa.

Msimu uliopita niliwaomba wakusanyaji wa zaka waongeze safu moja katika daftari zao: nyumba hii imeweka korosho zake rehani, au haikuweka? Lengo halikuwa kumwaibisha mtu, bali jumuiya ijue ni nani wa kusaidiwa unga mapema, kabla hajaenda kwa mkopeshaji. Daftari la kwanza lilirudi na safu hiyo tupu. Mkusanyaji, mama mwaminifu ninayemheshimu sana, alikaa kimya kitambo, kisha akaniambia, “Padri, ningeulizaje? Anayewakopesha ni shemeji yangu.”