Gauni la Binti Liko Sandukuni, Tusisubiri Kitambaa Kipya

 

Leo nina neno ambalo baadhi ya vikundi vyetu hapa Ukerewe havitalipenda. Kikundi kinapata mkopo, kinanunua vyerehani, kinapiga picha ya uzinduzi. Miezi mitatu baadaye vyerehani vimefunikwa khanga. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Tunasubiri mtaji wa kitambaa," au "Tunasubiri tenda ya sare." Wakati huohuo binti wa mwanachama anacheza nje na gauni lililopasuka kwapani, na ndani ya nyumba kuna shati la baba lililochakaa kola tu, linalosubiri kugeuzwa dekio.

Msimamo wangu ni huu: gauni la kwanza la kila kikundi cha ushonaji lishonwe kwa nguo iliyopo nyumbani, na ajifunzaye asiguse kitambaa kipya kabla hajaweza kuigeuza ya zamani. Najua mtanipinga, kwa hiyo tuzichukue hoja zenu moja moja.

"Ni aibu, watu watasema tumefilisika"

Aibu ni tundu. Gauni safi, lililopindwa vizuri na kupigwa pasi, halina aibu hata kama jana lilikuwa shati. Sare ya shule ni lazima na kila mzazi anahangaika nayo. Lakini mtoto akivua sare, anavaa nini? Tukiwa na fedha za Krismasi tunamnunulia gauni la neti lenye bitana ya nailoni. Anajikuna kanisani, anatoka jasho, analivaa mara mbili na mwaka unaofuata halimtoshi. Kwa jua letu la mchana, mtoto anahitaji pamba inayopitisha hewa na kunyonya jasho. Pamba hiyo mnayo tayari. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

"Mtumba wa mtoto ni rahisi, kwa nini nijisumbue?"

Nenda mnadani uangalie kwa makini. Nguo nzuri za watoto huondoka mapema na kwa bei ya juu, maana kila mama anazitaka. Mwishoni yanabaki mashati makubwa ya wanaume, yale yanayomwagwa kwenye turubai kwa bei ya kutupa kwa sababu hayana wa kuyavaa. Hayo ndiyo kitambaa chetu. Simpigi vita muuza mtumba, ni jirani yetu na anasomesha watoto. Ninachotaka ni kwamba tununue kwake kile asichoweza kuuza, kisha kazi ya mikono na faida yake vibaki hapahapa kisiwani.

"Serikali izuie mtumba kwanza, ndipo mafundi tutapata kazi"

Hoja hii ina uzito, maana Kanda ya Ziwa inalima pamba na sehemu kubwa ya pamba ya nchi yetu inauzwa nje kabla haijawa kitambaa. Lakini tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba kwa hatua, hadi ufikapo 2019. Marekani ikaanza kuangalia upya nafasi yetu katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Mtumba bado upo. Mjadala huo una wenyewe na uendelee, ila mtoto hasimamishi kukua akiusubiri.

"Hakuna faida"

Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei za sokoni kwake. Chukulia shati 1,000, uzi na vitu vidogo 500, gauni likauzwa 4,000. Kinabaki 2,500 cha kazi ya fundi. Si utajiri. Lakini mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake inayotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, hauna riba ila una marejesho. Marejesho hayalipwi na cherehani iliyofunikwa khanga. Na fundi akikosea kwenye shati la 1,000 amepoteza 1,000. Akikosea kwenye doti ya kitenge kipya, kikundi kizima kinanuna.

Namna ya kushona (binti wa miaka 5 hadi 6)

1. Pima nguo. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo uziunguze mbali na mtoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ikiyeyuka na kuacha donge gumu, hiyo si pamba tupu, itumie kwa kazi nyingine.

2. Fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi. Usikate nguo yenye mikunjo.

3. Toa mikono ya shati kwenye mshono wa bega. Usiitupe.

4. Funga vifungo vyote. Kutoka chini ya kwapa la shati pima sentimita 13 kwenda juu, kata mstari mmoja ulionyooka mbele na nyuma. Kola na mabega vinaondoka, na tundu la mkono linalobaki ndilo kwapa la gauni.

5. Shona sehemu ya vifungo mbele ili isifunguke. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 ondoa vifungo kabisa, asije akang'oa na kumeza.

6. Kutoka kwenye mikono ya shati kata vipande vya mshazari vya kuzungushia makwapa, na mikanda 2 ya kupita shingoni.

7. Kunja ukingo wa juu sentimita 3, mbele na nyuma, ushone kama njia ya lastiki. Pitisha mkanda mmoja mbele na mwingine nyuma, vuta marinda hadi kifua kimkae vizuri, kisha funga mabegani. Shona kila mkanda katikati usichomoke, na ncha ziwe fupi. Kamba ndefu shingoni kwa mtoto ni hatari.

8. Kama gauni ni refu, usikate. Piga mkunjo mmoja au miwili juu ya pindo. Mtoto akirefuka fumua mkunjo mmoja, gauni linaongezeka urefu. Hakuna gauni la dukani linalofanya hivyo.

Mfuko wa shati uache palepale. Watoto wanaupenda.

Neno la mwisho

Kwa wakufunzi wenzangu: mafunzo yanayoanza na jora la kitambaa cha mfadhili yanaisha siku jora linapoisha. Tuwafundishe akina mama kwa kile watakachokuwa nacho tukishaondoka.

Kwa viongozi wa vikundi: kabla ya kuandika barua nyingine ya kuomba mtaji, itisheni kikao. Kila mwanachama aje na shati moja kuukuu na kipimo cha binti mmoja. Vyerehani vifunuliwe, na khanga zirudi kwa wenyewe.