Samaki wa Baruti Jikoni Mwetu



Zipo sura za Qur'ani zilizopewa majina ya viumbe: Ng'ombe, Nyuki, Chungu, Buibui, Ndovu. Katika Surat al-An'aam, aya ya 38, Allah (SW) anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao nao ni umma mfano wetu. Basi kila kiumbe ana haki yake na ana kazi yake.

Tumtazame pono, samaki ambaye wengi wetu tunamjua sahanini tu. Kwa mdomo wake mgumu huparura mwani juu ya matumbawe, ili matumbawe yasisongwe. Mawe anayoyatafuna humtoka yakiwa mchanga, na sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu ni kazi yake. Katika mchanga huo kasa hufukia mayai. Katika matumbawe hayo samaki wachanga hujificha hadi wakue. Akiondoka mmoja, wenzake nao huyumba.

Baruti hulipua umma wote huo kwa mara moja. Huua mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa, na matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi hubaki kifusi. Mvuvi huondoka na tenga moja, na wajukuu zake wakarithi bahari tupu.

Ndugu zetu wa Pemba wametupa funzo. Magharibi ya Chake Chake kipo kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri (AS) alikifanya msala wa kusalia. Mwaka 1998 kisiwa hicho na maji yake viliwekwa chini ya hifadhi. Baadaye wavuvi walisomeshwa mafundisho ya dini yanayokataza ufisadi na israfu, na wapo waliokiri kuwa amri ya serikali huweza kukwepwa, lakini amri ya Mola haikwepeki.

Hata hivyo, mvuvi wa baruti hawezi kuendelea bila mnunuzi, na mnunuzi ni sisi. Samaki huyo ana dalili zake: nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika, na akipasuliwa damu imevilia tumboni. Najua kuwa kipato ni kidogo na watoto wanasubiri kitoweo. Lakini mama anayemrudisha samaki huyo mezani kwa muuzaji, na kumweleza sababu kwa upole, ameukataza munkari. Vivyo hivyo baba anayekataa kununua mayai ya kasa au samaki wachanga.

Maimamu wa misikiti ya pwani nawaomba wailete mada hii katika khutba za Ijumaa, na walimu wa madrasa wawafundishe watoto majina ya viumbe hawa na kazi zao. Bahari ni amana tuliyokabidhiwa, na kila mwenye amana ataulizwa.

Wabillahi tawfiq.