Mbwa Wetu na Wachanjwe

Kila siku ya chanjo ya mbwa inapotangazwa, wako watu wasiokwenda. Huyu husema mbwa wake hana tabia ya kuuma. Yule husema wake bado mdogo mno. Na mwingine hudai kuwa mbwa akichomwa sindano hupoteza ukali wa kulinda nyumba. Mimi naona hoja hizi hazina nguvu.

Kwanza, kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyiwa mzaha. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani hufuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Hata mbwa mpole huweza kuumwa usiku na mbwa mgeni, na hapo upole wake haumfai mtu.

Pili, Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Watoto wa mbwa nao wamo katika hesabu hiyo, nao yafaa wachanjwe. Katika wilaya ya Serengeti, mbwa wa vijijini walipoanza kuchanjwa kwa wingi mwaka 1996, ugonjwa ulipungua, na watu walioumwa wakapungua pia. Ama kwa habari ya ukali, chanjo huufundisha mwili kupigana na ugonjwa. Haimfundishi mbwa kumpenda mwizi.

Tatu, tazameni gharama. Mbwa huchomwa sindano moja. Mtu aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa kwa siku mbalimbali, na kila siku ina nauli yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo hili latuhusu hasa sisi wanafunzi, kwa maana katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwenzetu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje.

Nanyi wazazi wetu, mbwa wa nyumbani hutufuata sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Siku ya chanjo itakapotangazwa tena, tupeni ruhusa na kamba, nasi tutawapeleka.